Mhasibu Aliyeuliza Mtaji Umetoka Wapi

Karatu,
Wilaya ya Mbulu,
21 Septemba 1986

Kwa dada yangu mpendwa Valeria,

Pokea salamu zangu nyingi zenye upendo. Mimi ni mzima, na ninamwomba Mungu barua hii ikukute wewe na Rozalia mdogo mkiwa na afya njema. Huku nyumbani sote tunaendelea. Baba hajambo, isipokuwa ule mguu wake ulioumizwa na magunia ya kahawa alipokuwa kibarua Oldeani, ambao siku hizi anadai unatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mama naye hajambo. Anawagombeza kuku kama wanawe na wanawe kama kuku, kwa hiyo ujue nyumba haijabadilika. Mahindi ya shamba la Qurus yamekubali mwaka huu, maharage ndiyo yametutupa kidogo, lakini hatulali njaa. Vipi huko Ilongero? Mtama umetoka? Na kile kikohozi cha Rozalia kimeisha, au bado kinamsumbua asubuhi?

Dada, nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, na uwe na subira nayo. Unanijua, nikianza kusimulia hata chai hupoa mezani. Safari hii kila ninachosimulia kinakuhusu, hata pale kitakapoonekana ni habari za saruji na kodi tu.

Ulipokuja Pasaka hukusema mengi. Mama aliuona mkono wako ulipokunja mikono ya gauni kuosha vyombo, akaenda jikoni kulia. Kisha ukamwambia Baba kwa adabu kabisa kwamba nyumba ya shemeji Wilibrodi imekushinda, kwamba akilewa anakupiga na akilevuka anauza mtama wako bila kukuuliza.  Baba akasema ng'ombe wa mahari yako hawapo tena, na bila ng'ombe wa kurudisha hana uso wa kwenda kuwaambia wakwe kwamba anamtaka binti yake. Akakuomba uvumilie. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikiangalia kikombe changu, kwa sababu ng'ombe wale ndio walionipa mimi kazi. Uliniangalia mara moja tu, bila hasira, ukachukua mfuko wako ukaenda kusubiri gari. Ningefurahi zaidi kama ungenitukana.

Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: wale ng'ombe wapatikane, ili wewe uwe na njia. Nilikuwa sijui wangetoka wapi. Msaada ulitokea mahali ambapo sikuutarajia hata kidogo, yaani katika kutafuta mtu wa kunitunzia hesabu. Ndiyo maana naanzia huko.

Unakumbuka nilivyoanza ukandarasi. Tulipouza ng'ombe wako nilinunua ile Land Rover kuukuu ya shamba la kahawa, kalibu za mbao za kumwagia zege, na koleo na matoroli, nikaacha kujengea watu wengine. Nikaanza kujenga matangi ya maji, majosho na mabirika ya kunyweshea ng'ombe, hapa Karatu na huko juu kwa Wamaasai, Nainokanoka na kwingineko. Kazi naijua, hilo nasema bila kujisifu. Birika langu halivuji. Lakini mwajiriwa huandikiwa kila kitu na tajiri wake, na mtu aliyejiajiri hakuna anayemwandikia. Mimi stakabadhi zangu nilikuwa nazitia kwenye kopo la biskuti, na nyingine nilifungia misumari.

Watu waliniambia mkandarasi asiye na mhasibu ni sawa na mwendesha gari asiye na breki, nami nikaenda Arusha nikampata bwana mmoja anayeitwa Clemensi. Dada, ungemwona Bwana Clemensi ungemwamkia shikamoo hata kama umemzidi umri. Tai, viatu vinavyong'aa, kalamu tatu mfukoni, na kicheko cha mtu anayekujua tangu utotoni. Nilimchagua kwa dakika chache. Hakuniuliza swali hata moja, mimi nikadhani hiyo ndiyo akili, kwamba mtu mwenye elimu yake anakuelewa bila kuuliza. Aliniahidi kwamba ofisi ya kodi haitanisumbua kamwe. Alichukua kopo langu la biskuti pamoja na ada yake, na kila mwaka akawa ananipa karatasi nitie sahihi. Nilitia sahihi bila kusoma. Nilikuwa naona fahari hata kusema mbele za watu, mhasibu wangu yuko Arusha.

Wiki chache baada ya Pasaka, wewe ukiwa umeshaondoka, nikapata barua ya kodi. Walikuwa wamenikadiria kodi ya miaka yote kwa kubahatisha, kwa kuwa hesabu nilizopeleka hazikufanana na kazi ambazo watu wameziona kwa macho zikisimama. Makadirio yenyewe yalikuwa ya kumeza Land Rover na kalibu zake, na mimi mwenyewe nikiwa ndani. Tena kulikuwa na kazi kubwa inakuja, mabirika na tangi huko Olbalbal, uwandani chini ya Ngorongoro, ambako wafugaji wanatembea na ng'ombe mchana kutwa kutafuta maji. Kazi ile nisingeweza hata kuiomba bila hati ya kuonyesha kwamba sidaiwi kodi. Nikaenda Arusha mbio. Bwana Clemensi alicheka kile kicheko chake, akaniambia kuna mtu anamfahamu, nitoe kitu kidogo atamwona. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilimwomba kopo langu, akasema atalitafuta, na kwa kweli alilipata, limejaa vilevile nilivyolipeleka, hata misumari yangu miwili imo.

Nikarudi nimekonda kwa mawazo. Safari hii nikaamua kutafuta mhasibu kama ninavyochagua mchanga, kwa kuuchota na kuusugua viganjani, bila kuangalia rangi. Niliuliza watu ambao biashara zao zimesimama miaka mingi bila kelele. Mwenye mashine ya kusaga hapa Karatu akaniambia yeye hesabu zake anatunziwa na Bi Elizabeti, Mwiraqw wa Mbulu, aliyekuwa mhasibu wa chama cha ushirika kabla vyama havijavunjwa mwaka ule wa sabini na sita. Akanionya kwamba mama yule hana maneno matamu, na kwamba huwa anamkataa mteja. Nilicheka. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu anakataa hela.

Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya mashine, kila kitu kina vumbi jeupe la unga, hata miwani yake. Nilipomwamkia na kuweka kopo mezani hakuligusa. Alinitajia kwanza mambo asiyoyafanya. Hamwoni mtu yeyote kwa kitu kidogo. Haandiki kazi ambayo haikufanyika, wala haachi kuandika iliyofanyika. Hapeleki karatasi ofisi ya kodi kabla mwenyewe hujaisoma na kumweleza kwa maneno yako imesema nini, maana alisema yeye ni mtu, anaweza kuugua au kufa, na hesabu ni zako. Akanitajia wateja wake wengine, akaniambia niende kuwauliza habari zake ndipo nirudi. Ada yake aliitaja mwisho, wazi, na hakuipunguza nilipojaribu kumbembeleza. Nilikwenda kuwauliza wale watu kweli. Mmoja alisema anamchukia kila mwisho wa mwezi na kumpenda kila mwisho wa mwaka.

Niliporudi, akafungua daftari jipya akaniuliza mtaji wangu umetoka wapi. Nikamjibu kwa kujidai kwamba ni jasho langu. Aliweka kalamu chini. Akauliza Land Rover nilinunua kwa mali gani. Nikasema kwa ng'ombe. Ng'ombe wa nani? Nikasema wa kwetu. Akauliza walikujaje kwetu, ikiwa, kama nilivyokuwa nimemwambia, Baba alikuwa kibarua wa kahawa asiye na hata mbuzi. Dada, sikuwa nimewahi kulitamka jambo lile kwa kinywa changu. Nilimwambia ni mahari ya dada yangu. Akauliza kama wewe unajua ulinipa mtaji, kama kuna siku mtu alikuuliza. Nikatikisa kichwa. Akasema yeye haanzi daftari kwa mstari ambao hauamini, akaandika pale juu kabisa jina lako, Valeria, na mbele yake ng'ombe wote kama walivyotoka kwa wakwe, na chini yake akaandika kwamba biashara ya Ignas inadaiwa.

Nilitoka mle ndani nimekasirika. Nilijiambia nimekuja kutafuta mhasibu, si padre. Nilizunguka sokoni, nikanunua sigara ingawa nimeacha, nikafikiria kurudi kwa Bwana Clemensi ambaye haulizi. Lakini kila nikigeuka nauona uso wako wa Pasaka. Nikafahamu kwamba hasira yangu haikuwa ya kusingiziwa. Mtu anayeweza kuniambia hilo siku ya kwanza, kabla hata sijamlipa, ndiye mtu ambaye hatanificha kitu siku mambo yakiharibika. Nikarudi nikamwambia aendelee kuandika. Hakunisifu. Aliniambia nikalipange kopo langu mwenyewe, kazi kwa kazi, kisha nimletee.

Tukaanza kupitia kila kazi, na tulipofika birika la Nainokanoka tukakwama. Kazi ile niliifanya miaka kadhaa iliyopita kwa wazee wa pale, na msemaji wao alikuwa Lembris, yule Mmaasai mrefu aliyekuja kwetu siku moja ulipokuwa umetutembelea, ukampikia uji akausifia mpaka Mama akaona wivu. Fedha zao zilichelewa, na Lembris akanitengea mitamba kutoka zizini kwake. Tangu hapo yeye na mimi hatuitani majina. Wenzetu wale watu wakipeana ng'ombe, jina la mtu linawekwa kando, wote wawili wanaitana Pakiteng, na huo unakuwa udugu. Nami nikajua moyoni kwamba mitamba yote ile ni ya udugu. Ng'ombe wa namna hiyo huendi kumdai wala kumpeleka mnadani, ungekuwa umeuza rafiki. Nikawaacha kwake, nikahesabu kwamba kazi ile nimeifanya bure kwa ajili ya urafiki. Bwana Clemensi nilipomsimulia alisema vizuri sana, ng'ombe hawana stakabadhi, tusiwataje.

Bi Elizabeti hakukubali. Alitaka kujua ng'ombe wale ni malipo au ni zawadi, kwani malipo yana kodi na zawadi ya rafiki haina, na yeye hawezi kukisia. Nikamwambia jambo hilo haliulizwi, nitamuudhi mtu. Akasema basi tutaenda wote, atauliza yeye. Ungemwona mama yule, na koti lake la sufu na mkoba wake, akipanda Land Rover kwenda Nainokanoka kwenye ukungu na baridi ile, barabara yenyewe matope matupu. Mahali pengine tulishuka tukatembea.

Lembris alitupokea kwa maziwa. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kulizunguka lile neno, naye Bi Elizabeti akalisema moja kwa moja, kwa heshima lakini bila kupindisha. Lembris alinitazama mimi badala yake. Halafu akacheka mpaka mke wake Nareyu akatoka kuangalia kuna nini. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha pole pole kwamba mimi Pakiteng wake ni fundi mzuri lakini ng'ombe siwajui kabisa. Ng'ombe wa udugu ni mmoja tu, yule mtamba mwekundu aliyenipa kwa mkono wake mbele ya watu, na kwa huyo ndipo tunaitana. Wale wengine ni birika. Wazee walikubaliana kunilipa, wakachangishana, yeye akawaweka zizini mwake akisubiri nije kuwachukua. Kila mwaka alishangaa. Alidhani nimemwachia awalishe kwa vile Karatu hakuna malisho, na kila aliyezaa alimkata ndama masikio kwa alama aliyonitengea mimi. Akatupeleka tukawaona. Dada, nilisimama katikati ya ng'ombe wangu mwenyewe nikiwa sijui hata mmoja kwa jina, na Lembris anawataja mmoja mmoja, huyu mama yake yule.  Nilimshukuru kwa kumshika mkono tu.

Njiani kurudi nilikuwa nimeshawauza wote kichwani na kukufuata Ilongero. Bi Elizabeti akanituliza. Alisema kwanza waandikwe, walipiwe kodi yao, ili asije mtu kesho akasema ng'ombe walioshikwa na wakwe zako ni mali ya serikali. Nilinuna, lakini nilifanya. Tukaenda naye Arusha, akaweka mbele ya wale maofisa kila kazi na kila stakabadhi, hata zile zenye kutu ya misumari, na ng'ombe wa Nainokanoka wamo. Walimuuliza mengi, na mengine aligeuka akanionyesha mimi nijibu, nami nikajibu, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma. Makadirio yale ya kubahatisha yakafutwa. Kodi niliyolipa haikuwa nyepesi, niliuza ng'ombe kuilipa, ila ilikuwa yangu kweli, na nilitoka pale na hati mkononi nikahisi nimerefuka. Olbalbal nikapata.

Sasa sikia nilivyokaribia kuharibu kila kitu. Ng'ombe waliobaki hawakutosha kufikia mahari yako. Ikaja fedha ya utangulizi ya Olbalbal, ya kununulia saruji na kulipa vibarua, nami nikaona jibu limeshuka. Nilimwambia Bi Elizabeti nichukue humo nikamilishe ng'ombe, saruji nitaijua mbele ya safari. Nikamtajia mkono wako, ule Mama aliouona. Macho yake yalijaa machozi, hilo nililiona. Akasema hapana. Akasema fedha ile ni maji ya watu wa Olbalbal, na kama nikiigusa yeye siku hiyo hiyo ananirudishia kopo langu. Akasema pia kwamba wewe umeshatolewa mara moja kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine, na hapendi ukombolewe kwa namna ambayo itanipeleka mimi jela na kukurudisha wewe pale pale. Niligomba naye, dada. Nilimwambia hajui uchungu. Akanijibu kwa upole kwamba anaujua, na akanifungulia mlango nikapumue nje.

Nikaenda Olbalbal nikajenga kama mtu aliyekimbizwa. Jua la kule halina huruma na maji ya kuchanganyia zege tuliyafuata mbali, lakini vibarua wangu, Wanyaturu wenzetu na Wagogo wa Dodoma, walipojua ninachokimbilia waliacha hata kulalamikia ugali. Mwezi uliopita birika la kwanza lilijazwa, ng'ombe wakanywa, sehemu ya kwanza ya malipo ikatoka. Bi Elizabeti akatoa saruji, akatoa mishahara, akatenga ya kodi, akasogeza kilichobaki upande wangu wa meza. Akasema sasa hii ni faida, ni yako, fanya unavyotaka. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue.

Nilimwomba aje nyumbani amweleze Baba, kwa kuwa mimi Baba ananiona bado mtoto. Alikuja Jumapili baada ya misa. Baba, unajua asivyopenda makarani, alimpa kigoda akamtaka asome hicho alichoandika. Akasoma mstari wa kwanza, jina lako na ng'ombe wako. Baba akamwomba arudie. Akarudia. Baba akasema basi miaka hii yote tumekula kwa Valeria, bati la nyumba hii ni la Valeria, nami babake nimemrudisha mlangoni mikono mitupu. Mama akaanza kulia, na Baba hakumkataza. Kesho yake alichukua fimbo yake, akapanda gari na mguu ule mbovu, akaenda mwenyewe Singida, Mtinko kwa Baba Mdogo Nikodemu, aliyepokea mahari yako siku ile.

Sasa nakuambia, dada, na ndiyo sababu barua hii sikuitia posta. Ng'ombe wako wapo. Wale wa birika la Nainokanoka, pasipo yule mwekundu wa udugu, niliwauza hapa mnadani, nikaongeza ile faida, na Baba na Baba Mdogo wamenunua wengine huko huko Singida, idadi ile ile iliyotolewa, wazima, wenye pembe nzuri. Wako Mtinko katika zizi la Baba Mdogo tangu wiki mbili zilizopita, karibu nawe kiasi hicho. Jirani wakiuliza anawajibu kwamba ni wa kulimia. Lembris alipojua nauza kwa ajili gani aliongeza mtamba mmoja, akasema huyu si wa birika wala si wa Pakiteng, ni wa yule dada aliyempikia uji. Huyo hatumrudishii Wilibrodi. Ni wako, na Bi Elizabeti ameshamwandika.

Aliyekupa barua hii ni Boazi, dereva wangu, kijana wa Mtinko, mtu ninayemwamini. Amekuja na Land Rover kana kwamba analeta maharage. Atalala kwa Baba Mdogo mpaka Jumapili, na siku hiyo gari litakuwa nyuma ya kanisa wakati wa misa. Wazee wako tayari kwenda na ng'ombe kwa wakwe zako siku ile ile utakayotamka. Kuhusu Rozalia mdogo, Baba Mdogo anasema mtoto wa umri wake anafuata ziwa la mama, na mengine watayazungumza wao wakiwa wameketi. Chumba chako Mama ameshakipaka chokaa.

Lakini sikuamrishi, wala Baba hakuamrishi, ameniagiza niandike hivyo. Uliolewa kwa kuambiwa na ukavumilia kwa kuambiwa. Ukiona bado kuna jambo unataka kulijaribu katika nyumba ile, Boazi atarudi na gari tupu na hakuna atakayekuuliza. Ng'ombe watabaki Mtinko kwa jina lako, mwaka huu na mwakani, na Wilibrodi ajue kwamba wapo.

Asante, dada yangu. Sijawahi kukuambia neno hilo, na nilikuwa nalo kila nilipomwaga zege. Msalimie shangazi hapo Ilongero, na umbusu Rozalia kwa niaba ya mjomba wake. Baba, Mama na hata kuku wanakusalimu. Bi Elizabeti naye anakusalimu ingawa hajakuona, na anaomba siku ukifika Karatu upitie ofisini kwake utie sahihi pale kwenye jina lako. Amekwisha kukuwekea kalamu. Nilipomweleza kwamba huenda usije, alisema sahihi itakusubiri, na kwamba aliyetoa mtaji ndiye anayesema.

Mimi ndugu yako,
anayekula kwa mkono wako,

Ignas